Siku kati ya kupanda na kuvuna: kwa nini wastani wa ripoti hukosea

Tuchukue, kwa mfano, daftari la kikundi cha wakulima wa mwani kaskazini ya Pemba. Kila mstari una jina la mwenye shamba, tarehe ya kupanda na tarehe ya kuvuna, na karani wa kikundi ameyaingiza yote kwenye Excel ili apate jibu la swali moja aliloulizwa na mfadhili: kwa wastani, mwani hukaa baharini siku ngapi kabla ya kuvunwa? Mistari ni kumi. Mashamba tisa yalipandwa tarehe 11 Januari 2024 na kuvunwa tarehe 25 Februari 2024, yaani siku 45, muda ambao hauwashangazi wakulima, kwa kuwa wiki sita au zaidi kidogo ndiyo desturi ya zao hilo. Shamba la kumi lilipandwa siku hiyohiyo lakini halijavunwa, na nafasi yake ya tarehe ya kuvuna imeachwa wazi. Karani anatoa tarehe ya kupanda katika tarehe ya kuvuna, anaiburuta fomula hadi mstari wa mwisho, anaomba wastani, na Excel inamjibu: −4,489.7.

Hakuna atakayempelekea mfadhili ripoti inayosema kwamba mwani huvunwa miaka kumi na miwili kabla ya kupandwa, na kwa sababu hiyo kosa la namna hii lina heri ndani yake: linaonekana. Yaliyo mabaya zaidi ni yale yanayotoa wastani wa siku 36 au 62, nambari ambazo mtu anaweza kuziamini, kuzitolea maelezo na kuzichorea grafu. Yote hayo, ya wazi na ya siri, yana asili ya namna moja. Hesabu ya wastani yenyewe ni kujumlisha na kugawa tu, na kompyuta haikosei katika hayo. Kosa huwa limekwisha kufanyika kabla, katika safu ya tarehe, katika safu ya tofauti, au katika uamuzi wa mistari ipi ihesabiwe.

Nambari iliyo nyuma ya tarehe

Excel haiihifadhi tarehe kama tunavyoiandika sisi. Inahifadhi nambari ya siku, na hesabu inaanzia mwaka 1900: tarehe 1 Januari 1900 ni siku ya 1, tarehe 11 Januari 2024 ni siku ya 45302, na tarehe 25 Februari 2024 ni siku ya 45347. Mikwaju na mwaka tunaouona kwenye skrini ni namna ya kuionyesha nambari hiyo tu. Ukitoa 45302 katika 45347 unabaki na 45, na hapo mambo ni sawa. Lakini seli tupu, yaani kisanduku cha jedwali kisichoandikwa kitu, ikitumiwa katika kutoa huchukuliwa kuwa 0, na 0 kutoa 45302 ni hasi 45302. Mashamba tisa yana jumla ya siku 405. Ukizichanganya na hasi hiyo unapata hasi 44,897, na ukigawa kwa kumi ndipo inapotoka ile hasi 4,489.7. Lau nafasi iliyoachwa wazi ingekuwa ya tarehe ya kupanda, kosa lingegeukia upande wa pili, na wastani ungekuwa siku 4,575.2.

Kwa jedwali dogo, basi, kipimo chepesi ni kuuzidisha wastani kwa idadi ya mistari. Jibu likikaribia 45,000, juu au chini ya sifuri, kuna tarehe moja iliyokosekana. Likikaribia 90,000, zimekosekana mbili. Upo pia mfumo wa pili wa kuhesabu tarehe, unaoanzia mwaka 1904, ambao ulikuwa wa kawaida kwenye kompyuta za Macintosh, na tarehe zikinakiliwa kutoka faili la mfumo mmoja kwenda faili la mfumo mwingine hutofautiana kwa siku 1,462, yaani miaka minne na siku moja. Ukiona tofauti zilizozidi kwa kiasi hicho hasa, huna haja ya kutafuta mchawi mwengine.

Sasa tuongeze mistari. Tuseme vikundi vingi vimeunganisha madaftari yao na jedwali lina mistari 5,000, kila mmoja wa siku 45, isipokuwa mmoja tu ambao tarehe yake ya kuvuna haikuandikwa. Wastani utakaotoka ni siku 35.9. Hakuna alama ya hasi, hakuna maelfu, hakuna cha kumshtua msomaji. Mtu anaweza hata kuutetea: pengine mbegu ni bora, pengine maji yalikuwa na ubaridi mzuri msimu ule, pengine mafunzo yamezaa matunda. Mstari mmoja kati ya elfu tano umeondoa siku tisa katika wastani wa wote, na jinsi jedwali linavyokuwa kubwa ndivyo kosa linavyozidi kufanana na ukweli.

Ndiyo maana mimi huona kuanza kwa kuutazama wastani ni kuanza mwisho. Kwanza iangaliwe safu ya tofauti yenyewe: ina nambari ngapi, iliyo ndogo kuliko zote ni ipi, na iliyo kubwa kuliko zote ni ipi. Fomula za COUNT, MIN na MAX zinatosha, au ipangwe safu nzima kuanzia ndogo hadi kubwa na zisomwe ncha zake mbili. Hasi 45302 haiwezi kujificha ikiwa imekaa mstari wa kwanza.

Dawa ya seli tupu nayo ina hila yake. Wengi wakishagundua tatizo huandika fomula inayosema kwamba tarehe ya kuvuna ikikosekana, jibu liwe 0. Hasi kubwa huondoka, ila ile 0 inabaki kuwa nambari na inahesabiwa: siku 405 zinagawanywa kwa kumi badala ya tisa, na wastani unakuwa 40.5. Shamba ambalo halijavunwa limeandikwa kana kwamba lilipandwa na kuvunwa siku moja. Fomula inapaswa kuacha nafasi bila nambari yoyote, yaani alama mbili za kunukuu zisizo na kitu ndani, kwa sababu AVERAGE huruka maandishi na seli tupu zilizomo katika safu lakini hairuki sifuri.

Na kuna njia ya mkato ambayo huwavutia hata wazoefu: kutafuta wastani wa tarehe zote za kuvuna, kutafuta wastani wa tarehe zote za kupanda, kisha kutoa mmoja katika mwingine. Hesabu hiyo ni halali pale tu ambapo kila mstari una tarehe zote mbili. Tuseme mashamba tisa ni yaleyale ya Januari na la kumi limepandwa tarehe 8 Aprili, bado halijavunwa. Wastani wa kuvuna unachukua mistari tisa, wastani wa kupanda unachukua kumi, na ile ya Aprili inauvuta mbele kwa siku 8.8. Jibu linakuwa siku 36.2. Kila tarehe iliyoandikwa ni sahihi, kila fomula ni sahihi, na jibu si sahihi.

Siku ikisomwa mwezi

Hapa ndipo penye madhara makubwa kuliko pengine pote, na ndipo panapostahili subira. Sisi tunaandika siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Wamarekani wanaanza na mwezi, na kompyuta nyingi hutufikia zikiwa na mpangilio wao, na hukaa hivyo miaka mingi bila ya mtu kuubadilisha kwa kuwa hakuna kinachoonekana kuharibika. Karani anapopokea faili la CSV, yaani faili la maandishi matupu lenye safu zilizotenganishwa kwa alama ya mkato, lililotoka kwenye simu za wakusanyaji na kulifungua kwa kulibofya mara mbili, Excel haimuulizi chochote. Inakisia.

Ikikutana na 25/02/2024, inatafuta mwezi wa 25 na kuukosa, kwa hiyo inaacha maandishi kama yalivyo. Hiyo si tarehe tena. Ni herufi tu, na kwa kawaida utaiona imeegemea upande wa kushoto wa seli, wakati tarehe za kweli huegemea kulia. Lakini ikikutana na 10/02/2024 inaridhika kabisa na kuihifadhi kuwa tarehe 2 Oktoba. Katika siku 366 za mwaka 2024, siku 222 zina tarehe inayozidi 12 na hubaki maandishi. Siku 12, kama 5/5 na 8/8, hazidhuriki. Na siku 132 zilizobaki hugeuzwa kimyakimya.

Tuone mistari miwili kwa karibu. Shamba moja lilipandwa tarehe 10 Februari na kuvunwa mapema tarehe 12 Machi kwa ajili ya mbegu: siku 31. Kompyuta inasoma 2 Oktoba na 3 Disemba, na kuandika siku 62. Shamba jingine lilipandwa tarehe 11 Februari na kuvunwa tarehe 9 Aprili: siku 58. Kompyuta inasoma 2 Novemba na 4 Septemba, na kuandika hasi 59. Wastani wa kweli wa mashamba haya mawili ni siku 44.5. Wastani wa ripoti ni siku 1.5.

Mistari yenye maandishi, kwa upande wake, hutoa alama ya kosa, ile ya #VALUE!, na wastani wa safu nzima nao hukataa kutoka. Hapo ndipo karani anapofundishwa na jirani yake kuifunika fomula kwa IFERROR, ambayo huweka kitu kingine mahali pa kosa, ili alama mbaya zisionekane. Zinaondoka kweli, na wastani unapatikana. Kilichofanyika ni kwamba mistari yote ambayo kompyuta ilikiri kuwa haikuielewa imetupwa, na imebakishwa ile tu ambayo tarehe zake zote mbili hazizidi 12, ambayo karibu yote ndiyo iliyogeuzwa. Ripoti imeundwa kwa mistari mibovu peke yake. Sina kinyongo na IFERROR kama fomula, lakini katika kazi ya kutafuta kosa ni sawa na kumziba mdomo shahidi.

Jambo jingine linalofanywa kwa jina la kusafisha data ni kufuta mistari yote yenye tofauti hasi, kwa hoja kwamba haiwezekani kuvuna kabla ya kupanda. Hoja ni ya kweli, na hatua ni mbaya. Katika mfano wetu hasi 59 itafutwa na 62 itabaki, kwa sababu 62 haina dalili yoyote ya kuugua, na wastani uliokuwa chini mno utapanda juu mno. Mstari wenye hasi ni kielelezo cha tatizo lililoenea safu nzima. Ukiufuta umepoteza kielelezo na tatizo umebaki nalo.

Anayeijua kazi ya mwani ana kipimo ambacho mtaalamu wa kompyuta hana. Wakulima wanaofunga mbegu kwenye kamba zilizokazwa kwa vigingi hushuka pwani wakati wa bamvu, maji yanapokupwa sana, na maji mafu hayawapi nafasi hiyo. Bamvu huja kwa mwezi mwandamo na kwa mwezi mpevu, takriban kila baada ya siku 14 au 15. Kwa hiyo tofauti za kweli kati ya kupanda na kuvuna hazitawanyiki ovyo: hukusanyika karibu na siku 30, siku 45, siku 60, na kati yake huwa chache. Zikihesabiwa ni mistari mingapi ina siku 28, mingapi ina 29, na kuendelea, vilima hivyo huonekana. Safu iliyogeuzwa siku na miezi haina vilima. Imesambaa kila pahala, kwenye hasi na kwenye mamia. Vilevile tarehe moja moja inaweza kupimwa. Mwezi mwandamo wa Aprili 2024 uliangukia tarehe 8, siku ya kupatwa kwa jua kulikoonekana Marekani ya Kaskazini, kwa hiyo kuvuna tarehe 9 Aprili kunaingia akilini. Rekodi nyingi za kuvuna zikiangukia maji mafu, kuna sababu ya kuzishuku.

Baada ya kosa kugunduliwa, lisirekebishwe ndani ya jedwali lilelile. Tarehe 2 Oktoba iliyozaliwa na mgeuko na tarehe 2 Oktoba ya kweli zina nambari ile ile ya siku, na hakuna fomula itakayozitenganisha. Kuuliza kwa ISNUMBER kama seli ina nambari husaidia kuyapata maandishi tu. Hizo zilizogeuzwa zote zitajibu kwamba ni nambari halali. Njia ni kurudi kwenye faili la asili na kuliingiza upya kupitia menyu ya kuleta data kutoka faili la maandishi, mahali ambapo mtumiaji hupewa nafasi ya kutaja kwamba safu hii ni tarehe na mpangilio wake ni siku, mwezi, mwaka. Bora zaidi, fomu za simu zitoe tarehe kwa mtindo wa 2024-02-10, ambao ndio kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 na hauna njia mbili za kusomeka.

Wastani ulio sahihi na unaoonekana mbovu

Pengine hesabu ni nzima na ni maonyesho tu yaliyoharibika. Seli ya wastani ikirithi mtindo wa tarehe, siku 45 huonekana 14/02/1900, kwa kuwa hiyo ndiyo siku ya 45 tangu mwaka 1900 uanze. Wastani wa siku 12 utasomeka 12/01/1900, na karani anayeiona atadhani kaandikiwa sikukuu ya Mapinduzi. Dawa ni kuibadilisha seli iwe ya nambari ya kawaida. Asiibadilishe kuwa mtindo wa siku peke yake, maana hapo 45 itaonyeshwa kama 14 na mwezi utafichwa. Saa zina mtego kama huo: wastani wa saa 30 ukionyeshwa kwa mtindo wa saa na dakika utasomeka 6:00, kwa sababu siku nzima iliyotangulia imemezwa, mpaka utumike mtindo wa [h]:mm.

Tofauti ya siku moja kati ya ripoti mbili mara nyingi si kosa bali ni makubaliano yaliyokosekana. Kutoka 11 Januari hadi 25 Februari ni siku 45 kwa kutoa, na 46 kwa anayehesabu siku ya kupanda na siku ya kuvuna zote mbili. Fomula ya NETWORKDAYS, ya siku za kazi, huhesabu ncha zote mbili, na haizijui sikukuu zetu mpaka iorodheshewe: 12 Januari, 7 Aprili, 26 Aprili, na Idi ambazo kila mwaka huhama.

Saa ya ukutani na saa ya seva

Ripoti inayopima muda kwa saa badala ya siku huingia katika tatizo ambalo vitabu vya Excel haviligusi. Kwenye diko, mwandishi wa daftari anaandika kwamba ngalawa imefika saa 11:00 alfajiri na samaki wamenadiwa saa 2:00 asubuhi. Ni saa tatu. Akiingiza 11:00 na 2:00 kama zilivyo, kompyuta itampa hasi tisa. Lau angeandika saa 3:00 asubuhi na saa 8:00 mchana angepata tano, jibu sahihi, na hiyo ndiyo sababu kosa hudumu: hesabu ya saa zetu hukubali ndani ya mchana mmoja na kukataa pale tu saa kumi na mbili inapovukwa. Hali huwa mbaya zaidi pale ncha moja inapoandikwa kwa mkono na ncha ya pili inapowekwa na simu yenyewe, kwa sababu hapo karibu kila mstari unatofautiana kwa saa sita kamili. Tofauti ya saa sita inayojirudia mstari baada ya mstari karibu kila mara ina sababu hiyo.

Saa tatu nazo zina maana yake. Seva nyingi huhifadhi wakati kwa saa ya dunia, UTC, na sisi tumeitangulia kwa saa tatu. Tarehe 1 Machi 2024 iliyoandikwa bila saa, mfumo ukiichukulia kuwa ni saa sita kamili ya usiku kwa saa zetu na kuihamishia UTC, inakuwa tarehe 29 Februari, saa 21:00. Ikikatwa ibaki tarehe tupu, ni 29 Februari. Safu zote mbili zikipitia njia hiyo tofauti haibadiliki. Ikipitia moja tu, kila mstari umeongezewa au kupunguziwa siku nzima.

Kwenye hifadhidata

Aliyehama kutoka Excel kwenda hifadhidata hubeba mazoea yake. Katika MySQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, ukitoa safu moja ya tarehe katika nyingine kwa alama ya kutoa, hupati siku. Programu huigeuza tarehe kuwa nambari ndefu, 20240225 kutoa 20240111, na kukujibu 114 badala ya 45. Kwa tarehe za mwezi mmoja jibu huwa sahihi, na anayejaribu kwa mfano wa tarehe 3 na tarehe 10 za mwezi uleule hujiridhisha na kuendelea na safari. Fomula inayotakiwa ni DATEDIFF. Katika SQL Server, programu nyingine ya hifadhidata, DATEDIFF ipo kwa jina hilohilo na tabia nyingine: huhesabu mipaka iliyovukwa, kwa hiyo kutoka 31 Januari hadi 1 Februari ni mwezi mmoja ukiuliza kwa miezi, na kutoka dakika moja kabla ya saa sita ya usiku hadi dakika moja baada yake ni siku moja ukiuliza kwa siku. Isitoshe, wastani wa nambari kamili katika SQL Server hutoka ukiwa nambari kamili: 45 na 46 hutoa 45, ile nusu ikatupwa, mpaka nambari zigeuzwe kwanza kuwa za desimali.

Kuunganisha majedwali huleta kosa ambalo halionekani kwenye tarehe yoyote. Mavuno ya shamba moja yakiuzwa kwa awamu tatu, na jedwali la mashamba likiunganishwa na jedwali la mauzo, shamba hilo litatokea mara tatu na siku zake zitahesabiwa mara tatu. Idadi ya mistari kabla na baada ya kuunganisha ilinganishwe; ikiwa imeongezeka, wastani umekwisha kuegemea upande wa wenye mauzo mengi.

Makao makuu nako hupenda kuchukua wastani wa kila wilaya na kutafuta wastani wao. Tuseme Mkoani imeleta mashamba 10 yenye wastani wa siku 30, na Micheweni mashamba 90 yenye wastani wa siku 45. Wastani wa hizo nambari mbili ni 37.5. Wastani wa mashamba mia moja ni 43.5. Wilaya zitume jumla ya siku na idadi ya mashamba, na ugawaji ufanyike mara moja juu.

Mistari ambayo bado haijaisha

Hata pale ambapo kila tarehe imesomwa vizuri na kila mstari umehesabiwa mara moja, linabaki swali la mistari iliyo wazi kwa haki, ile ambayo jambo lake halijamalizika. Tumesema iachwe nje ya wastani, na kwa upande wa fomula hilo ni sahihi. Kwa upande wa maana, kuiacha kuna gharama, na gharama hiyo huonekana vizuri zaidi tukitoka kwenye kuvuna na kwenda kwenye malipo.

Tuseme mnunuzi amepokea mwani kutoka kwa watu kumi siku moja. Sita amewalipa baada ya siku 10. Wanne hajawalipa, na siku 60 zimepita. Ripoti ya miezi miwili itaonyesha kwamba mnunuzi huyu hulipa, kwa wastani, kwa siku 10, na itakuwa haijadanganya katika nambari hata moja, kwa kuwa wanne wale hawana tarehe ya kulipwa na kwa hiyo hawana tofauti ya kuingizwa. Siku kumi baadaye anawalipa wote wanne. Sasa tofauti nne za siku 70 zimeingia, jumla ni siku 340 kwa watu kumi, na wastani ni 34. Mwezi ambao deni lote limelipwa ndio unaoonekana mbaya, na aliyezuia fedha za watu alipata sifa kwa muda wote aliozizuia.

Kufuta au kujaza hakusaidii hapa. Kuwajazia wanne tarehe ya leo kungetoa siku 30 kwa wastani, nambari iliyo karibu zaidi na hali halisi lakini iliyo pungufu bado, maana hakuna anayejua watasubiri hadi lini. Kinachosaidia ni kubadilisha swali. Mistari ikusanywe kwa tarehe ya kuanza, si ya kumaliza, na iulizwe: kati ya waliopeleka mwani mwezi wa Januari, wangapi walilipwa ndani ya siku 30? Sita kati ya kumi. Jibu hilo halibadiliki mnunuzi akichelewesha zaidi, wala halimwadhibu akilipa. Au zipangwe siku za wote kumi kuanzia chache hadi nyingi na ichukuliwe nambari iliyo katikati. Maadamu zaidi ya nusu wameshalipwa, katikati hiyo inajulikana hata kama za mwisho hazijajulikana, na kwa mfano wetu ni siku 10, kabla na baada ya deni kulipwa. Nambari mbili hizo, siku 10 za katikati na sita kati ya kumi, ziandikwe pamoja, na kando yake iandikwe idadi ya wanaosubiri na siku walizokwisha kusubiri: wanne, siku 60 kila mmoja.